Mgeni Ndani ya Laptopu ya Mama

Mama alikuwa sebuleni, nyumbani kwetu Ikungi, akimenya karanga, nami nasonga ugali jikoni. Mara nikamsikia akipiga ukunga.

"We mtoto, njoo! Baba yako anatembea mwenyewe!"

Baba alikuwa ametutoka mwaka uliopita. Nilifika mbio, mwiko bado mkononi.

Kumbe alikuwa anasema picha. Laptopu yetu ilikuwa mezani, modemu imechomekwa, hakuna aliyeigusa, na mshale unatembea kwenye kioo. Ukafungua picha ya baba na baiskeli yake, ukaifunga, ukafungua ile ya baba akicheka mnadani. Picha zake zote zilikuwa humo, hatukuwa na nyingine popote duniani.

Nikampigia simu fundi wa kompyuta wa pale stendi.

"Mmeingiliwa, dada! Kuna mtu yuko mbali huko anaiendesha. Chomoa modemu kabla hajafuta kila kitu!"

Nikanyoosha mkono. Mama akaupiga kofi.

"Utamfukuzaje mtu ndani ya nyumba hujamsalimia?"

"Mama, huyu ni mwizi!"

"Mwizi gani anakaa kutazama picha? Msalimie, umuulize anatoka kwa nani. Na uandike kwa Kinyaturu chetu."

Jamani, mama yangu huyu! Kwake yeye salamu kwanza, ukoo pili, ugomvi baadaye, hata nyumba iwe inaungua. Nikafungua ukurasa mtupu nikaandika huku nanung'unika. Mshale ukaganda. Nikajua basi, nimemshtua, sasa anafuta. Niliomba Mungu kimoyomoyo, mama ametulia tuli na karanga zake mapajani.

Kisha chini ya maneno yangu herufi zikaanza kujitokeza, mojamoja. Ilikuwa salamu ya mtoto kwa mama yake, kwa Kinyaturu kabisa, na baada yake: "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Kaka yangu! Alikuwa anasoma India. Kabla ya kuondoka aliweka humo programu ya kututengenezea laptopu akiwa hukohuko, sisi tukasahau. Baba alipofariki nauli ya kurudi haikupatikana, kwa hiyo hakumzika. Na picha yake hakuwa nayo hata moja.

"Mkiwasha modemu naingia kumtazama kidogo," aliandika. "Niliona aibu kuomba. Nilidhani mtalia."

Tulie? Mama alicheka mpaka karanga zikamwagika sakafuni. Nami nikacheka, ingawa lile kaka langu lingekuwa karibu ningelichapa kwa ule mwiko. Nilifurahi jamani! Nikaanza kumtumia picha zote abaki nazo, mtandao ukijivuta, ugali ukiungua jikoni na hakuna aliyejali.

Mama akanyanyuka akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikadhani ameenda kulia, nikamwacha. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na kilemba, uso umepakwa mafuta unang'aa. Akavuta kiti akakaa mbele ya laptopu, mgongo umenyooka.

"Washa hiyo kamera," akaniambia. "Amemtazama baba yake vya kutosha. Sasa anitazame mimi, bado nipo."