Pozitroni Zilizozidi

Siku niliyomtoa Nyamizi darasani naikumbuka vizuri, mwanangu, na jana uliponiambia umemtoa mwanafunzi wako kwa kosa lilelile, damu ilinichemka. Ndiyo, nimekukasirikia. Kaa unisikilize.

Nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia hapa Tabora, suruali imenyooshwa, kichwa kimejaa vitabu. Nikafundisha kuwa miale ya anga za mbali hugonga gesi iliyotapakaa kati ya nyota, na mgongano huo huzaa pozitroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Hiyo ndiyo antimata, kinyume cha mata ya kawaida, inayotufikia. Nyamizi akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, zinatoka huko tu? Hakuna nyota inayozitoa yenyewe?"

Kitabu changu hakikuwa na jibu. Badala ya kusema sijui, nikamwita mjuaji mbele ya wenzake, nikamtoa nje.

Kesho yake akaja baba yake, mrina asali wa kijiji cha Ipole. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida.

"Mwalimu, mimi nikionja asali yenye ladha ngeni siwatukani nyuki. Nauliza wameendea maua gani. Binti yangu kauliza, umemfukuza. Sasa nani atakuuliza tena?"

Nikanuna tu. Nyamizi aliacha fizikia, hakuigusa tena.

Miaka ikapita. Vyombo vilivyopelekwa juu ya angahewa vikakuta pozitroni zenye nishati kubwa ni nyingi kuliko zile ambazo migongano peke yake ingezaa. Kuna chanzo kingine. Wengi wanashuku masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi, wengine wanataja mata giza, ile isiyoonekana ila huvuta nyota kwa uzito wake, na mabishano hayajaisha. Niliposoma hayo nilijichukia.

Na wewe, niliyekufundisha mwenyewe, unasimama ubaoni kusema ni mata giza, basi, mjadala umefungwa! Mtoto akiuliza "tunajuaje?" unamfukuza! Ujinga gani huo?

Nilikwenda Ipole kumwomba Nyamizi radhi nikiwa tayari na mvi. Alinikaribisha vizuri, akacheka. "Mwalimu, hata swali lenyewe nimeshalisahau." Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kipindi, mrudishe mtoto yule. Mwambie mbele ya darasa zima kwamba hujui, na kwamba ameuliza vema. Fundisha kinachojulikana, taja kisichojulikana, na usimwadhibu mtu kwa kuuliza. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, mwanangu, na akufikishe kwa mtoto huyo kabla hajasahau.