Ukuta Uliokuwa Nguzo

Katika habari za nyumba, mwanangu, hakuna kitu cha kunishangaza tena. Shule niliishia darasa la tatu, lakini wenye digrii zao wakitaka kujenga hunitafuta mimi, na wakinikuta nakunywa chai hungoja nimalize. Nimejenga Lavington, nimejenga Spring Valley, na ile ghorofa ya Parklands yenye roshani za kijani, ukipita hapo itazame vizuri, ni kazi ya mikono hii. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, najisifu kidogo. Mtu aliyeingia mji huu na shati moja anaruhusiwa.

Jumapili ulipokuja na mkeo mkasema mnataka kuvunja ule ukuta kati ya jikoni na sebule, mpate nafasi, niliweka kikombe chini nikatazama dirishani. Mama yako alidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimerudi mbali, kwenye siku moja ya miaka ya hamsini, nikiwa kijana kama wewe, nimeshika nyundo mbele ya ukuta wa wenyewe.

Nilikuwa kibarua wa Mzee Makokha, fundi wa mawe aliyetoka upande wetu wa magharibi. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya saruji na mchanga na kubeba maji. Siku hizo mtu kama mimi alikaa Nairobi kwa sababu ya kazi tu. Kazi ikiisha, askari anakusimamisha barabarani, anatazama kipande chako, kile cheti cha kazi, na unarudishwa kwenu. Nami nilikuwa nimeapa kwamba sitarudi kwetu mikono mitupu. Kwa hiyo nilitaka sana kuonekana fundi, tena upesi.

Tulipata kazi Parklands, kwa Bwana Chandulal, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Alikuwa anamwoza binti yake, akataka sebule na chumba cha kulia viwe chumba kimoja kikubwa cha kukalisha wageni. Nyumba ilikuwa ya mawe ya kuchonga, na juu imeezekwa vigae vyekundu. Katikati ya sebule palikuwa na bembea ya mbao, kubwa kama kitanda, imening'inia kwa minyororo kutoka kwenye boriti ya dari. Hapo ndipo alipokaa mama yake Bwana Chandulal, bibi mdogo wa mwili ambaye kila mtu alimwita Ba. Miguu yake ilikuwa mibovu. Asubuhi alikalishwa pale, jioni akaondolewa. Hakupenda tupite karibu naye. Chai yetu tulipewa mlango wa nyuma, katika vikopo vyetu wenyewe.

Siku hiyo Mzee Makokha alikwenda mjini kutafuta boriti ya chuma. Akaniambia mimi na mwenzangu Ambani, "Toeni plasta peke yake. Ukuta msiuguse mpaka nirudi." Nje alikuwa amerundika magogo mazito. Nikamwuliza Ambani, "Mzee anataka kupika nini na kuni zote hizi?" Tukacheka.

Plasta ikaisha mapema. Sasa sikiliza jinsi nilivyofikiri, maana sikuwa mjinga, nilifikiri kabisa. Kwetu nyumba inasimama kwa nguzo. Paa linakaa juu ya nguzo, na ukuta ni udongo wa kuziba upepo. Ukuta ukibomoka mvua inapokuja, unakandika mwingine, na paa haliteremki hata kidole. Lakini ole wako uguse nguzo! Basi nikaugonga ukuta ule wa Bwana Chandulal toka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta nguzo ndani yake. Hakuna. Mawe matupu.

"Ambani, hiki ni kiziba upepo tu," nikasema. "Mzee akirudi atakuta chumba kimekwisha."

"Mzee amesema tungoje, Wafula."

"Wewe ngoja. Ndiyo maana utakufa ukichanganya saruji."

Nikaanza chini, kwa sababu chini hapahitaji ngazi. Jiwe la kwanza lilikuwa gumu. La pili likatoka. Yaliyofuata yalitoka kama meno ya mzee. Nikatoboa tundu la kupita mtu, nikalipanua, huku naimba. Ba alikuwa upande wa pili, juu ya bembea, anamenya mbaazi katika sinia. Nikamsikia akiita.

"Wewe kijana! Mbaazi yangu nakimbia."

Nikachungulia tunduni. Alikuwa ameweka sinia pembeni yake juu ya bembea, na mbaazi zote zimejikusanya upande wa ukuta wangu. Akazirudisha kwa kiganja. Zikakimbia tena, hivi hivi, hakuna aliyezigusa.

"Mnyororo umelegea, Mama," nikamwambia. "Mimi nitakaza baadaye."

"Mnyororo iko sawa miaka ishirini!" Akainua kidole kuelekea juu. "Tazama. Nyumba nalala."

Nikatazama. Boriti iliyoshika bembea ilikuwa imeegemeza kichwa chake kwenye ukuta wangu, juu kabisa ya lile tundu, na kichwa hicho kilikuwa kimeshuka. Dari ilikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwako. Vumbi jeupe lilikuwa linamdondokea Ba kwenye nywele, taratibu, kama unga wa kwenye chekecheke. Juu ya dari ile kulikuwa na vigae vya nyumba nzima. Ndipo nikaiona nguzo niliyoitafuta. Ilikuwa ule ukuta wenyewe, wote, na nusu ya miguu yake nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu.

Nyundo sikumbuki niliitupa wapi. Nilipita kwenye tundu, nikamwinua Ba bila kumwomba ruhusa, mimi na jasho langu na vumbi langu, mikono ambayo asingepokea hata maji kutoka kwayo. Hakupiga kelele. Alinishika shingo kwa nguvu, na sinia likaanguka nikalikanyaga. Nikamkalisha uani, nikarudi mbio kwa Ambani, tukachukua yale magogo ya Mzee. Kuegemeza paa nilijua tangu utotoni. Kwetu nguzo ikioza, unaegemeza kwanza, ndipo unang'oa. Tukayasimamisha chini ya boriti, tukayakaza kwa kabari, na boriti ikaacha kushuka.

Mzee Makokha aliporudi hakupaza sauti. Alitazama juu, akatazama chini, akapapasa gogo moja.

"Nani amesimamisha haya?"

"Mimi, Mzee."

"Kabla ya kuvunja, au baada?"

"Baada."

Akanikamata mkono kama mtoto aliyepotea sokoni, akanitoa nje mpaka tukaliona paa. "Sema. Vigae vimekalia nini?"

"Mbao."

"Mbao zina jina. Yale ni mapau. Mapau yamekalia nini?"

"Boriti."

"Boriti imekalia nini?"

Nikaanza kujikung'uta vumbi.

"Sema!"

"Ukuta."

"Na ukuta umekalia msingi. Sasa niambie, ulipoanza kugonga, ulimwuliza huyo ukuta nani amemkalia kichwani? Uliuliza una nini ndani. Huku mjini nguzo haijifichi ndani ya ukuta, Wafula. Iko mbele ya macho yako, na wewe unaipiga nyundo."

Jioni Bwana Chandulal alifika, akaona, akataka kipande changu ili anifukuze palepale. Nilishaanza kukitoa. Ba akasema kutoka kwenye kiti chake, "Yeye iko vunja nyumba. Yeye iko beba mimi. Kata mshahara, kazi bakisha." Mwanawe akabisha kwa lugha yao. Yule bibi akarudia yaleyale, kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Nikabaki Nairobi. Kila ulichonacho, mwanangu, na shule uliyosoma, kimetokana na maneno yale ya Ba.

Kwa hiyo, kabla hujaleta mtu na nyundo, panda kwanza juu ya dari na tochi. Tazama mapau yanaelekea wapi na boriti zinalala juu ya nini. Ukuta unaoishia darini na juu yake hakuna kitu, huo ni wa kugawa vyumba, uondoe ukitaka. Ukuta uliobeba boriti ni wa kubeba, na huo hauguswi kabla ya kuegemezwa na kuwekewa boriti nyingine ya kuupokea mzigo. Hata ukitaka mlango tu, pale juu ya mlango pana linta, ule mhimili wa zege unaobeba mawe ya juu, usiuchokoe. Fundi akikwambia "huu ni wa kuvunja tu," mwulize nani ameukalia. Asipojua kujibu, mpe chai aende. Nami nitakuja Jumamosi, hata kama hukuniita. Na mkeo umsikilize akisema mlango unakwama au ufa umetokea, maana wakaao ndani huona mapema kuliko sisi wenye nyundo.

Mungu aisimamishe nyumba yako, mwanangu, wageni wajae humo na paa lisimlemee yeyote. Haya niliyokueleza wewe umeyapata bure. Mimi nilikatwa mshahara mwezi hadi mwezi, kulipia mawe, saruji, dari na sinia la Ba lililopondeka, mpaka zikatimia shilingi mia moja thelathini na saba na senti hamsini.