Meza ya Kuteulia Watoto

Ningeweza kukataa kuketi kwenye meza ile. Mwalimu mkuu alinifuata ghalani akiwa na afisa elimu kutoka wilayani, wakaniomba niwe mzazi atakayesaidia kuwagawa watoto wa darasa la sita: nani aelekee karakana, nani aandaliwe kwa mtihani wa kwenda sekondari. Nilikuwa na kila sababu ya kusema hapana. Nikasema, "Sawa, nitakuja."

Kazi yangu ilikuwa kuteua tumbaku katika ghala la ushirika hapa Songea. Wakulima walileta tumbaku iliyokaushwa kwa moshi ikiwa imefungwa mafungu, nami niliipanga madaraja kwa macho, vidole na pua. Mkulima mjanja huficha majani yaliyooza katikati ya fungu, akayazungushia mazuri kwa nje. Kwa hiyo mteuzi haamini fungu lolote mpaka achomoe jani la katikati. Nilifanya hivyo miaka mingi hadi ikawa tabia yangu hata nje ya ghala. Nilimshuku muuza nyama, nilimshuku kondakta wa basi, nilimshuku hata padri siku alipohubiri kwa ufupi.

Yule afisa nilimshuku tangu alipovuka mlango. Alikuwa kijana, shati limenyooka, na shikamoo yake ilikuwa ya unyenyekevu kupita kiasi. Alieleza kwamba serikali haitaweza tena kumwajiri kila aliyesoma. Biashara imefunguliwa, watu binafsi watakuja na viwanda vyao, na viwanda vinataka mikono iliyo tayari. Shule yetu ingekuwa ya kujaribia. Watoto wa karakana wangejifunza useremala na ushonaji kila alasiri, wakati wenzao wakirudia masomo ya mtihani.

"Nguo watakazoshona atanunua nani?" nilimuuliza.

"Soko litaamua, mzee."

"Soko lipi? Hili la kwetu au kuna jingine?"

Alicheka kwa adabu. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema, huku akipapasa fungu la tumbaku lililokuwa mbele yangu, "Ndiyo maana tunakutaka wewe. Wazazi wakisikia mteuzi alikuwepo, hawatabisha."

Hapo nilielewa kwamba hawakuhitaji macho yangu. Walihitaji niwepo tu, ili watu wanyamaze. Nilielewa vizuri kabisa, na bado nilifurahi. Nilikuwa na kidato cha nne changu, na miaka yote shule ile haikuwahi kuniita ila kwenda kufyatua matofali.

Jioni nilipopita kilabuni kunywa ulanzi, habari ilikuwa imenitangulia.

"Karibu, mteuzi wa watoto," alisema jirani yangu mmoja, fundi baiskeli, akinisogezea kigoda. "Wa kwako umeshampa daraja la kwanza, au mpaka umnuse?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu asiyecheka ndiye anayezidi kuchekwa.

"Nitamweka panapomfaa," nikasema.

"Tunajua panapomfaa. Tungekuwa sisi mezani, na wetu pangewafaa papo hapo."

Binti yangu alikuwa darasa la sita. Alikuwa mtoto wa hesabu. Mwaka uliotangulia wapima ardhi walikuja kupima viwanja jirani na kwetu, wakasimamisha chombo chao cha miguu mitatu njiani. Alikuwa akitoka shule anawafuata hadi jioni, mpaka mmoja wao akamruhusu achungulie. Tangu siku hiyo alipima kila kitu kwa kamba: uwanja wetu, banda la mbuzi, upana wa barabara mpaka duka la Mwarabu. Alisema akikua atafanya kazi ya chombo kile. Mama yake alikuwa akimwambia apime kwanza unga wa ugali.

Usiku ule mke wangu alinisikiliza nilivyomweleza mpango wa afisa, kisha akauliza swali moja.

"Huyo bwana, watoto wake wanashona wapi?"

"Sikumuuliza."

"Wewe, usimuulize mtu?"

Kichwani mwangu afisa alikuwa ameshatoka. Walikuwa wamebaki wale wa kilabuni, na namna fundi baiskeli alivyowaangalia wenzake kabla ya kucheka.

Siku ya kugawa tuliketi ofisi ya walimu, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mimi. Watoto waliingia mmoja mmoja. Mwalimu wa darasa alisoma maendeleo ya mtoto, mwalimu mkuu akatoa maoni, kisha wakanigeukia. Najua sasa kwamba wangeandika walichotaka hata kama ningesinzia. Lakini niliwashika watoto mikono, nikaigeuza viganja juu, kama mtu anayejua anachotafuta. Mtoto wa mwalimu mkuu alipoingia nilikaa sawa, nikasubiri hila. Mwalimu mkuu alisema, "Huyu ni wa mtihani," bila kutazama pembeni. Kweli alistahili, lakini mimi niliona nimemkamata. Nikajiambia nitawaonyesha mtu asiye na upendeleo anavyofanya.

Binti yangu aliingia akiwa ameoga na kupaka mafuta. Alitusalimu shikamoo, mimi nikiwemo, kama mgeni. Mwalimu wa darasa hakuwa amefungua hata ukurasa wake.

"Ushonaji," nikasema.

"Mzee, ngoja kwanza," mwalimu wa darasa alisema. "Huyu hesabu zake…"

"Andika ushonaji. Watu wanatutazama."

Hakuna aliyekuwa akitutazama. Ofisi ilikuwa na sisi watatu na yule mtoto.

Nyumbani hakulia. Alinitengea maji ya kunawa, akasimama na birika mkononi. "Baba," aliuliza, "umeona nini mikononi mwangu?" Nilikuwa sijaitazama. Yeye peke yake ndiye ambaye sikumshika mkono. Nilimwambia kazi ya mikono ndiyo itakayolisha watu siku zijazo, na nilisema kwa maneno yaleyale ya afisa, hata sauti ilikuwa yake.

Alasiri zake zote za darasa la saba zilikwenda kwenye cherehani. Mtihani aliufanya kama wengine, lakini hakuchaguliwa. Cherehani aliijua vizuri, hilo sikatai. Ila alipomaliza, marobota ya mitumba yalikuwa yakishushwa sokoni kila wiki, na gauni la mitumba liliuzwa rahisi kuliko kitambaa cha kulishonea. Kiwanda cha mtu binafsi hatukukiona. Watu binafsi waliokuja walikuwa wanunuzi wa tumbaku, na walikuja na wateuzi wao. Mimi nilirudi kulima.

Kwa miaka mingi nilitafuta wa kumlaumu. Nilisema afisa alitudanganya, na labda naye alidanganywa na wakubwa wake. Nilisema mwalimu mkuu alimlinda wa kwake. Siku moja nilimkuta nje ya kanisa, ameshastaafu, nikamwambia hivyo usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule binti tulikuwa tumeshamweka wa mtihani kabla hujafika," alisema. "Ofisi ile ilikuwa na watu watatu, kaka. Aliyesema ushonaji ni wewe."

Binti yangu yupo hapahapa mtaa wa Majengo, kwenye baraza ya duka moja, anapunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Anajitegemea, hajawahi kuniomba kitu. Nikipita ananiamkia, ananipa kiti, ananiuliza habari za mguu wangu. Kwenye meza yake kuna futi ya utepe ya kupimia nguo, nayo huizungusha kidoleni anapofikiri, kama alivyokuwa akizungusha ile kamba yake.

Mtoto wake wa kwanza alipofaulu kwenda sekondari, nilisikia kwa fundi baiskeli. Alipoanza kuchagua masomo ya sayansi au biashara, nilikwenda barazani nikamwambia mama yake kwamba ningependa kukaa na mjukuu wangu tulizungumze. Binti yangu aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akamaliza mshono.

"Hilo tumeshalimaliza, baba," alisema. "Chai ipo, nikumiminie?"

Nilikunywa chai. Hakuwa na hasira, na hajawahi kunikosea heshima hata siku moja. Lakini tangu siku ile ya ofisini hajaniuliza tena neno lolote linalohusu maisha yake, wala ya watoto wake, na hataniuliza. Niliogopa kushukiwa na wanywa ulanzi, nikaipoteza imani ya mwanangu wa pekee.