Tairi la Nne Lilibaki Kavimvira

Kazi yangu ilikuwa kuandika herufi. Niliandika majina kwenye mitumbwi ya Kalundu, kwenye kuta za maduka, kwenye milango ya makanisa, na mara moja kwenye jeneza, kwa mtu aliyetaka jina la baba yake lisomeke hata huko chini. Sikuwa mtu wa kujishusha. Nilipopita mjini Uvira nikaona ubao ulioandikwa na mwingine, nilisimama kuutafutia kasoro, na kwa kawaida sikuikosa. Kwa hiyo shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliponiletea matairi manne nimwandikie, nilimcheka kwanza, kisha nikainama kuyatazama.

Shemeji alikuwa fundi wa magari ya watu. Lake lilikuwa moja, dogo, la Kifaransa, la rangi ya maziwa, na aliliosha kila asubuhi kabla hajaosha uso. Katika gazeti la zamani aliona picha ya gari la Amerika lenye maandishi meupe ubavuni mwa matairi, na tangu siku hiyo hakutulia. Alikwenda Kavimvira, pale mpakani, akashinda kutwa akichagua. Mchuuzi alimwonyesha matairi mapya yenye herufi ndogo zisizoonekana. Akayakataa. Alichukua yaliyotumika kidogo, mapana, ambayo herufi zake zilikuwa zimeinuka kama mishipa ya mkono wa mzee. Ili ayapate alitoa yake yote matano, pamoja na lile la akiba. Nilimwambia amefanya vizuri, maana tairi moja uchi karibu na yale manne lingeiaibisha kazi yangu. Maneno hayo ni yangu, siyakani.

Neno lenyewe lilikuwa jina la kiwanda cha mbali, na hakuna aliyejua linasomwaje. Haikutusumbua. Niliyaosha matairi kwa sabuni, nikayapangusa kwa petroli mpaka mafuta yote yakatoka, nikazisugua herufi kwa msasa, nikazipaka rangi ya mitumbwi kwa brashi nyembamba. Zilipendeza kwa siku tano. Shemeji akaenda Luvungi na kurudi, na barabara ya bondeni ikazibandua zote, kwa sababu tairi hujikunja linapotembea na rangi ya mtumbwi haijui kujikunja. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Nikajaribu tena na tena, mpaka nikachanganya rangi na gundi ile ya kuzibia viraka vya baiskeli. Hiyo ilishika. Gari lilipopita sokoni watu waligeuza shingo, nami nilitembea nyuma yake makusudi nione wanavyogeuza.

Halafu vita vikashuka kutoka Kamanyola. Walitangulia watu wa bondeni, wakiwa na magodoro kichwani. Wakafuata wanajeshi waliokuwa wakikimbia. Kisha wale waliokuwa wakiwakimbiza. Wote walitaka magari. Mjini ikazuka desturi: mwenye gari aliliweka juu ya mawe, akayatoa matairi, akayagawa kwa ndugu, kila nyumba tairi moja. Aliyeyaficha yote chini ya kitanda chake alipigwa mpaka akayaonyesha. Aliyeyagawa alipigwa pia, lakini hakuwa na la kuonyesha, na gari lisilo na miguu lilitukanwa na kuachwa.

Tulikaa uani kwa shemeji kupanga. Tairi moja lingekaa kwangu, mawili kwa ndugu zake wa jirani, na la nne kwa shangazi yake wa Kavimvira, mjane aliyeuza mawese, mwanamke ambaye akishika jambo halimtoki. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka, tumbo limekwisha kuwa zito. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja.

"Na minye nikishikwa na uchungu?" aliuliza.

"Nusu saa tu," nilimjibu. "Tunakusanya matairi, tunakupeleka maternité uzalie kule."

Shemeji alisema sharti liwe moja: tairi lisitolewe ila kwa yeye mwenyewe akija kwa miguu yake. Nami, kwa kuwa napenda neno langu liwe la mwisho, nilimgeukia yule shangazi, aliyekuwa ameitwa naye kusikiliza, nikaongeza, "Hata minye nikikuya nalia, Mama, usinipe. Ujue wenye bunduki wamenituma." Tulicheka wote. Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea sakramenti.

Uchungu ulimshika dada asubuhi, siku ambayo mapigano yalikuwa yamefika upande wa kaskazini wa mji, ndiko Kavimvira iliko. Shemeji hakuweza kutoka. Kila fundi na kila dereva aliyejulikana alikuwa akikamatwa aendeshe magari ya jeshi, na yeye alijulikana na kila mtu. Alibaki kufunga matairi matatu ya karibu, akanituma mimi Kavimvira. Nilibeba kopo la rangi na brashi nionekane mtu wa kazi. Njiani nilikutana na watu wanaokuja tu. Anayekwenda nilikuwa peke yangu. Kila mlio wa risasi nilijitupa mtaroni, nikainuka, nikaendelea. Naliandika hili si kwa kujisifu. Nilifika, basi.

Shangazi alikuwa amejifungia. Alifungua dirisha kiasi cha uso.

"Mama, nimekuya kuchukua tairi," nilisema. "Dada iko na uchungu tangu asubuhi."

Alinitazama usoni. Ndipo nikagundua kwamba nalia. Nilikuwa nimelia tangu nilipovuka daraja la njiani, bila kujua.

"Weye mwenyewe ulisema ile siku," alinijibu taratibu. "Ulisema utakuya unalia."

"Ile ilikuwa mchezo, Mama."

"Nani iko nyuma yako?"

"Hakuna muntu. Toka uangalie."

"Wanakungojea kwenye kona. Waambie bibi amekataa. Kama wanataka kuua muntu, wakuye waniue minye, weye wakuachilie."

Nilimweleza yote, tangu uchungu ulipoanza mpaka matairi matatu yaliyokwisha fungwa. Nilimwapia kwa jina la mama yangu. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nimefundishwa maneno hayo na watu wenye bunduki. Nilifikiri kuvunja mlango. Nilifikiri kabisa, nikaushika, lakini alikuwa mama mzee, na nilijua angelilalia lile tairi mpaka nimpige. Sikuweza. Alipitisha mkono dirishani akanipa kiazi kilichochemshwa, cha moto bado, akasema, "Kula, mwana. Pole." Alidhani ananiokoa. Nilikichukua kile kiazi, na kusema kweli nilikila njiani.

Niliporudi gari lilikuwa limesimama kwa matairi matatu na rundo la mawe. Dada walikuwa wamekwisha kumpakia kwenye puspus, ule mkokoteni wa kusukuma wa wabeba mizigo, juu ya godoro lililokunjwa. Shemeji alikuwa amekata shauri kutoka liwe liwalo. Tulisukuma wawili. Magurudumu yale membamba yalizama kila palipo na mchanga. Tuliinua, tukasukuma, tukajificha nyuma ya kuta, tukasukuma tena. Kwa zaidi ya saa mbili dada hakupiga kelele hata mara moja. Alishika ukingo wa mkokoteni na kutazama mbele. Nilitaka anitukane. Ningekuwa na la kujibu.

Mkunga alisema mtoto alikuwa mzima wakati uchungu ulipoanza. Alisema hivyo bila ubaya, akiwa ananawa mikono. Alikuwa mvulana. Tulimzika palepale nyuma ya jengo, kwa sababu hatukuthubutu kumrudisha nyumbani kwa njia ile.

Baada ya siku chache mji ulipata wenyewe wapya na risasi zikanyamaza. Tuliketi kilio uani kwa shemeji. Siku ya tatu yule shangazi alitokea barabarani, ametoka Kavimvira kwa miguu, akilisukuma tairi mbele yake kwa mikono miwili, kitenge chake kimejaa vumbi hadi kiunoni. Alikuwa amelifuta. Herufi zilikuwa nyeupe kama siku nilipozipaka. Alilisimamisha mbele yangu, akahema, akasema, "Nimelichunga." Kisha akaona watu wameketi chini na wanawake wamefunga vichwa, akauliza nani amekufa.

Nilimjibu mimi, kwa kuwa ilinipasa. Aliketi palepale mavumbini alipokuwa. Sijawahi kumlaumu, na mtu akimlaumu mbele yangu namkatiza. Alifanya nilichomwambia.

Shemeji alilifunga tairi mchana uleule, nadhani kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo mpaka leo likinijia huacha ninalolifanya. Magari yaliyopona mjini yalikuwa machache mno. Watu waliokuja kutupa pole walipita kwanza penye gari, wakaligusa, wakamshika shemeji mkono, wakamwambia hongera. "Uliwashinda akili," walimwambia. "Yote manne!" Halafu wakaingia uani, wakainamisha vichwa, wakakaa na sisi kwa huzuni ya kweli. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini rangi ile nimechanganya na nini. Nilimwambia, na nilimweleza vizuri, hadi kipimo cha gundi. Naona haya mpaka leo.

Dada alikuwa ndani, dirisha liko wazi. Alitoka bila kuitwa. Alipita katikati yao polepole, kwa sababu bado alikuwa na maumivu, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaketi.

Shemeji alimwendea. "Unataka twende wapi?"

"Maternité."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Nipeleke tu."

Dada aliitazama saa ya mkononi mwa mumewe, naye akawasha gari. Mimi niliketi mbele, sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kuwaacha wawili peke yao. Barabara ilikuwa wazi. Tulipita kwenye ule mchanga, tukapita kwenye kuta tulizojificha nyuma yake, na gari halikuyumba popote. Shemeji alisimama langoni, akaacha injini inawaka.

Dada alilitazama jengo. Kisha aliinama mbele kati ya viti vyetu, akaushika mkono wa mumewe, akaugeuza asome saa.

"Dakika tisa," alisema. "Basi. Nirudisheni nyumbani."