Mahali Injini Inapopumulia

Fundi Chishimba hagusi spana kabla ya kunusa. Siku niliyompelekea Hilux ya marehemu mume wangu, gari la mazutu, yaani dizeli, alichovya kidole kwenye tope jeusi chini ya injini, akalisugua kati ya vidole viwili, akalinusa kama mwanamke anayenusa samaki wa Kilwa yetu ya ziwani kabla ya kununua.

"Hii haiko mazutu, Mama Bénie," akasema. "Iko mafuta ya injini."

Gereji yake ni paa la mabati kando ya barabara ya Kasapa. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na Chishimba alikulia kati ya vichwa vya treni. Sikio lake la kushoto limeziba, kwa hiyo husikiliza injini kwa fimbo: ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine ameiuma kwa meno. Nilipomwona akifanya hivyo nilisahau kidogo kwamba nilikuja na hasira.

Hasira yangu ina sababu. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walichukua nyumba, friji, hata mlango wa jikoni wa nyumba ya nyuma walikonisukumia. Gari waliliacha kwa sababu lilikuwa linavuja. Sasa Floribert, mdogo wa mume wangu, ambaye kwetu ni mulamu, alikuwa amepata mnunuzi wa chuma chakavu. Akaniambia mbele ya familia nzima: "Mulamu, Jumamosi nitakuya. Kama bado inamwanga mafuta, inaenda. Ile injini ilishakufa." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Bila gari, bidoni zangu, madumu ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, hazingefika kwa wanafunzi wa chuo cha Kasapa, na sijui kazi nyingine.

Nilimweleza Chishimba kwamba mafundi wawili walikuwa wameshabadilisha joint, zile gasketi za kuzuia mafuta, pale walipoyaona, na mafuta yakatokea kwingine.

"Bale banaangaliaka fasi mafuta inafika," akasema. "Mi natafutaka fasi inatokea."

Akanionyesha kwamba mahali yanapoonekana si mahali yanapotokea: mafuta hushuka, na gari likienda upepo huyasukuma nyuma. Tone unaloliona chini huenda limetoka juu kabisa, mbele. Basi akaiosha injini kwa sabuni, akaiacha ikauke juani, kisha akaniomba unga.

"Unga wa nini?"

"Bunga ya mahindi. Weye muuzaji wa munkoyo, utakosa bunga?"

Akaupuliza unga kwenye injini mpaka ikawa nyeupe kama mtoto aliyepakwa poda. Akawasha gari. Tukakaa kuangalia, mimi na yeye, kama watu walio mbele ya televisheni. Baada ya muda unga ukaanza kulowa kwenye kifuniko cha juu. Kisha mbele, nyuma ya pulley, gurudumu la mkanda. Kisha kando ya kijiti cha kupimia mafuta.

"Joint tatu hazikufake siku moya," Chishimba akanong'ona.

Akafungua kifuniko cha kutilia mafuta, injini ikiwa bado inaunguruma, akakiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikaanza kurukaruka. Uso wake ukabadilika.

"Mama, pengine pete za pistoni zimekwisha. Moto inapita chini, inasukuma mafuta inje. Kama njo vile, inafaa tufungue injini yote. Si kazi ya siku tatu."

Maana yake Floribert alikuwa amesema kweli. Niliendelea kukitazama kile kifuniko kikicheza. Sikuwahi kukaa kwenye benchi la shule, lakini mchezo ule niliufahamu. Kifuniko cha bidoni ya munkoyo hufanya hivyo siku ya pili, munkoyo ukichacha na hewa ikakosa pa kutokea.

"Ba Chishimba, hii injini inapumulia wapi?"

"Kuko mupira wa kupumulia. Unashuka pale nyuma."

"Ulishaingiza kidole ndani?"

Akanitazama. "Bado."

Akalala juu ya katoni, mkono ukapotea chini ya injini. Alivuta, akatukana taratibu, akavuta tena. Mkono uliporudi ulishika gunzi la mahindi, jeusi, limevimba kwa mafuta. Kile kifuniko kikatulia, kikabaki kutetemeka tu.

"Nani anafungaka motoka na gunzi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Kwetu bidoni isiyo na kifuniko huzibwa kwa gunzi, kila nyumba. Na wakati wa kiangazi, mume wangu akiwa bado hai, Floribert aliazima gari kwenda Kilwa kuchukua samaki. Alirudi akijisifu kwamba hata chembe ya vumbi haikuingia kwenye injini. Tangu safari ile ndipo gari likaanza kuvuja, na familia ikasema nimeliua mimi kwa kulibebesha bidoni.

Chishimba akaweka joint mpya ya kifuniko cha juu, akaufunga ule mpira juu zaidi, mbali na vumbi. Ijumaa akapuliza unga tena. Ulibaki mweupe.

Jumamosi Floribert alikuja gerejini na ufunguo wa pili wa gari na kamba ya kuvutia gari. Nikamwambia aliendeshe mwenyewe hadi chuoni na kurudi. Aliporudi, Chishimba alikuwa ametandika mfuko mtupu wa unga, mweupe, pale gari litakaposimama. Tukangoja. Floribert aliinama kuangalia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Papa, ukiinama tena," Chishimba akamwambia, "mafuta itatoka kwako."

Mfuko ulikuwa mkavu. Nikaweka gunzi juu ya boneti.

"Mulamu, unajua hii?"

Alilijua. "Ile barabara iko na vumbi mubaya," akasema polepole. "Nilizani nasaidia."

Akaweka ufunguo kando ya gunzi, akakunja kamba yake.

"Na mlango wa jikoni?" nikauliza.

Alitazama barabarani, kisha akaenda.

Siku hizi nikipita gereji na bidoni zangu, humwona Chishimba akipokea gari linalovuja. Hutia kidole kwenye mpira wa kupumulia kwanza. Kunusa kunafuata.