Alama Ambazo Baba Hakutaka Nizifiche

Matokeo ya mtihani wa Wamarekani wa kuingilia chuo kikuu yalikuja kabla ya Krismasi ya 2007. Hesabu nilikuwa nimeipiga vizuri. Kiingereza ndicho kilichoniangusha, kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyatumia Nakuru nzima, hata mwalimu wetu aliyependa kujipiga kifua. Nilitaka chuo kimoja tu huko Marekani, kidogo na kigumu kuingia, ambacho kingenisomesha bure kikinichukua. Bila hicho, ng'ambo ningeisikia kwenye redio tu.

Chuo hicho kilikuwa na jambo geni. Kilisema mwombaji akitaka atume alama zake, asipotaka asitume, nao watampima kwa mengine. Niliposoma hayo niliruka kwa furaha. Niliamua papo hapo kwamba situmi.

Baba akakataa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwaka alipelekwa shule nyingine kusimamia mtihani wa taifa. Kwake yeye, na kwa kila mtu tuliyemjua mtaani kwetu Free Area, matokeo yakitoka hubandikwa ukutani, majirani wakasoma, na aliyeanguka akaanguka hadharani. Jina lisilo na alama lilikuwa na maana moja tu: huyo alishikwa akiiba mtihani, matokeo yake yakafutwa. Aliwahi kuona shule nzima ikifutiwa hivyo, na mwalimu mkuu akahama mtaa kwa aibu. Nilimweleza kwamba Wamarekani hawafikirii hivyo. Akaniuliza Wamarekani nimewajulia wapi.

"Alama mbaya ni yako," aliniambia. "Mahali palipoachwa wazi ni pa mwizi. Mtoto wangu hawezi itwa mwizi na watu ambao hawajamwona."

Nilimwogopa baba, sitadanganya. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kununa wiki nzima, mpaka unatamani angekuchapa yaishe. Kwa hivyo nikanywea, nikasema tutaamua Januari, siku ya kutuma ikikaribia.

Januari ikaja na mambo yake. Kura za urais zilikuwa zimeleta balaa, watu wakauana kwa kabila. Mwanzoni moshi wa nyumba zilizochomwa ulikuwa wa mbali, upande wa Molo, na habari zake zilitufikia kupitia redio na watu waliokuja na magodoro kichwani. Kisha ukafika mjini kwetu. Tulilala na viatu miguuni. Mama alitia unga na nguo kwenye begi moja, akaliweka karibu na mlango. Na mimi, katikati ya hayo yote, nilikuwa bado nawaza chuo. Niliogopa kuuawa na niliogopa kukosa nafasi, na kuna asubuhi ambazo sikujua ni hofu ipi iliyoniamsha.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi kulitulia kidogo. Mwenye cyber, duka la intaneti mjini, mzee wa Kihindi aliyefahamiana na baba kwa miaka, alipiga simu akasema atafungua mlango nusu kwa muda mfupi. Baba akavaa koti lake la shule. Hatukuzungumza habari za alama, lakini nilijua amri yake haijabadilika, na zikitumwa nimekwisha.

Kabla ya kufika mjini tukakuta mawe yamepangwa barabarani na vijana wamesimama na mapanga. Mmoja wao alikuwa rika langu, amevaa jezi ya mpira.

"Mzee, leta ID."

Jina kwenye kitambulisho lingewaambia kabila letu, na kabila lingewaambia la kufanya. Sikujua wao ni wa upande gani. Baba alijipapasa mifuko ya koti, kisha ya suruali, polepole, kama mtu aliyesahau.

"Nimeiacha nyumbani, boss," akasema. "Mimi ni mwalimu. Huyu msichana ako na mtihani town."

Sijawahi kumsikia baba akimwita mtoto boss. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Yule kijana alinitazama, akamtazama mwenzake. Mwishowe mkubwa wao akasema mwalimu apite, lakini tusirudi kwa njia ile.

Ndani ya cyber mzee wa Kihindi alitufungia mlango. Baba aliketi, akainama, akavua kiatu, akatoa kitambulisho ndani ya soksi. Kilikuwa kimelowa jasho. Mimi niliwasha kompyuta, nikajaza yote niliyotakiwa kujaza hadi nikafika mahali pa alama. Sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

"Baba, niandike?"

Hata kioo cha kompyuta hakukitazama. "Wacha hivyo," alisema. "Si lazima watu wajue kila kitu."

Nikatuma bila alama. Nilikuwa nimepata nilichokitaka tangu Krismasi, na sikufurahi hata kidogo. Nililia pale pale kwenye kiti, na mzee wa Kihindi akanituliza, akidhani naogopa safari ya kurudi. Safari niliiogopa, ndiyo. Lakini nililia kwa sababu baba niliyezoea kumwogopa alikuwa amebaki kule kwenye mawe, na huyu aliyeketi kando yangu na kiatu mkononi, sikujua kama anaweza kutufikisha nyumbani.