Swichi ya Mia Tano

Nyinyi mnaoniita mjanja leo mnyamaze kidogo, maana nitawaambia mwenyewe, kwa aibu yangu, jinsi nilivyowalaza wazungu kumi na wawili kifudifudi kwenye kabichi, mchana kweupe, bila risasi hata moja.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Embu, mwezi wa saba, ule ukungu wa mlima ukishuka mpaka unaingia ndani ya soksi. Nilikuwa nasimamia nyumba ya Bwana Shauri, ofisa wa kizungu wa wilaya, na nyumba hiyo ilikuwa na maajabu: boila nyuma ya jikoni inachemsha maji kwa kuni, maji yanapita kwenye mabomba mpaka kwenye vyuma vya ukutani, na kila chumba kinapata joto. Sebuleni kulikuwa na swichi yenye namba. Ukichagua namba yako, joto likifika hapo swichi inafunga mlango wa hewa wa boila, moto unalala. Sasa swichi ikaharibika, na Jumapili wakubwa wa kizungu kutoka Nyeri walikuwa wanakuja kula.

"Tafuta ingine," Bwana Shauri akaniambia. "Nyumba ikiwa na joto Jumapili, nitakupa ruhusa ya siku mbili, uende Siakago."

Ruhusa hiyo niliitaka kuliko mshahara. Siku hizo hutoki kijijini bila karatasi, na baba yake Wanja, mchumba wangu, kule Siakago, alikuwa ametuma neno kwamba nisipofika wiki hiyo kumaliza mambo ya mahari, kuna mwalimu wa Karurumo anayeijua njia ya kuja kumposa.

Mjini, mwenye duka akaweka swichi mbili mezani. Bei moja. Namba za ndogo ziliishia themanini. Kubwa, inang'aa, ilifika mia tano (nilihesabu mara mbili, mara ya pili kwa kidole).

"Chukua ndogo, ndugu yangu. Hii kubwa ni ya tanuri ya mikate."

Jamani, mimi nimekulia sokoni! Muuzaji akikuambia kile kikubwa hakikufai, ujue amemwekea mtu wake. Nikabishana mpaka akachoka, nikaondoka na mia tano kwa bei ya themanini, tena njiani nikamwonea huruma.

Nikaifunga mwenyewe: waya mbili zilitoka, waya mbili zikaingia. Jumapili nikachagua namba ya chini kabisa, mia moja na hamsini (mtu asiseme nina tamaa), nikajaza kuni.

Supu ilipoletwa, wageni walisifu joto. Nyama ilipoletwa, makoti yalikuwa yametoka. Halafu siagi ikawa mchuzi, mishumaa ikainama kama inasali, na mkubwa mmoja mnene akavua viatu mbele ya memsahibu, mke wa Bwana Shauri. Nikazungusha swichi irudi chini, lakini chini gani, mia na hamsini ndiyo ilikuwa sakafu yake! Hapo ndipo nilipoelewa: ilikuwa inangoja sebule ifikie joto la kuoka mkate ndipo iulaze moto.

Nikakimbilia boila. Sijafika, vali ya mvuke ikapiga filimbi. Sasa fikiria, Imajensi, na filimbi! Njiru, askari wa getini, akajua tumevamiwa, akapuliza yake, na mwenzake wa upande wa pili akaijibu.

"Chini! Wote chini!" Njiru akapaza sauti.

Wakubwa wakatoka mbio na fulana na soksi, wakajitupa kwenye kabichi za memsahibu. Nimebaki nimesimama peke yangu, nimejaa masizi, napunga kitambaa cha meza.

"Ni boila! Ni boila tu!"

"Wako wangapi?" Njiru akauliza, bunduki juu.

"Moja, Njiru! Ni ya maji!"

Bwana Shauri akainuka polepole, jani la kabichi limemganda kwenye paji la uso.

"Wewe! Nenda Siakago! Leo! Nisikuone wiki mbili!"

"Sawa, Bwana. Naomba kwa maandishi."

Akaandika akiwa amepiga magoti palepale.

Lakini habari haziombi ruhusa; zilifika Siakago kabla yangu.

"Wewe ndiye uliyepika wazungu?" baba yake Wanja akaniuliza, akacheka mpaka akashika uzio. Kisha akapangusa macho. "Mwanangu, mtu anayenunua kitu kwa wingi wa namba, binti simpi hivihivi. Ongeza mbuzi wawili."

Nikafungua mdomo kubishana bei, kama kawaida yangu. Wanja, nyuma ya baba yake, akanitazama tu. Nikaufunga. Tangu siku hiyo nikiambiwa kikubwa hakinifai nauliza kwanza ni kwa nini, na wale mbuzi wawili ndio bei pekee niliyowahi kulipa kama ilivyotajwa.